Dhoruba Iliyoitwa Eliwaza

Wangeci alinipigia simu akiwa tayari ameshuka stendi ya Moshi, bila kunitaarifu kwamba yuko safarini kutoka Nairobi, na nilipoisikia sauti yake nilijua kuna mtu amekufa. Sisi si watu wa kutembeleana. Tangu tuachane Dubai tumekuwa watu wa kutumiana salamu za Krismasi na picha za watoto, yeye akituma nyingi, mimi nikijibu neno moja moja. Nilimpokea, nikampikia ndizi, nikamtengea maji ya kuoga, na muda wote huo alikuwa akizunguka na habari za mpakani na bei ya vitunguu. Sebuleni televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Mtangazaji akasema huko Ulaya ya kaskazini imepiga dhoruba kubwa ya majira ya baridi, imeangusha miti na kukata umeme, na akaitaja kwa jina, jina la mwanamke, utadhani anamtaja jirani yake. Akaeleza kwamba wataalamu wa hali ya hewa wa huko hukaa wakaandaa majina kabla ya baridi kuanza, na kila dhoruba ikifika hupewa jina linalofuata. Mimi na Wangeci tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu afike aliacha habari za vitunguu. Kisha akasema, "Eli, Bi Zuwena ameaga dunia. Wamemzika huko kwao Unguja. Nilitaka nikuambie uso kwa uso." Mimi nikamwuliza kama ndizi zimekolea chumvi.

Hao wazungu wanaandaa majina ya watu ambao hawapo, nikawaza. Sisi tulifanya kinyume. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule ambao mnara mrefu kuliko yote ulikuwa bado unapandishwa ghorofa juu ya ghorofa, na kila ukipita barabara kubwa unauona umezidi jana. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba kimoja Naif, mtaa wa zamani wa Dubai, ghorofa ya pili, juu ya duka la mablanketi la mzee mmoja wa Kiirani tuliyemwita Haji. Kampuni ndiyo iliyotupangia. Kazi yetu ilikuwa Al Quoz, upande wa viwanda, kwenye kiwanda cha dobi kilichofua mashuka na taulo za mahoteli, na basi la kampuni lilitufuata asubuhi pale karibu na msikiti na kuturudisha jioni tukinuka klorini. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa, dirisha moja lililotazama mabomba ya jengo la pili, jiko la gesi la mafiga mawili kwenye korido, na kapeti nyekundu ambayo Bi Zuwena aliipata kwa Haji bei rahisi kwa sababu pembe yake moja iliungua. Kapeti ile ndiyo ilikuwa sebule, meza ya chakula, na mahali pa kuswalia. Kitanda changu kilikuwa cha juu, cha Wangeci chini yangu. Nilizoea kulala nikisikia anavyogeuka.

Bi Zuwena alikuwa mkubwa wetu kwa umri na kwa kazi. Alikuwa msimamizi wa meza za pasi, na Sir, meneja wetu, alikuwa hafanyi jambo linalohusu wanawake wa pasi bila kumwuliza yeye kwanza. Nyumbani, maana chumba kile tulikiita nyumbani, alikuwa mama kabisa. Alipika wali wa nazi ya unga wa kopo ukaamini umetoka kukunwa sasa hivi. Ijumaa alikwenda mwenyewe soko la samaki la Deira na kurudi na nguru, akamgawa kwa mkono wake, na kila mtu alijua kipande chake. Mimi nilikuwa Mpare kutoka Same, mlokole, sikujua hata kukaa vizuri mkekani, na ndiye aliyenifundisha kula na watu sinia moja. "Kula mbele yako, mwanangu, huko kwengine hakukimbii," alikuwa akiniambia. Nilimpenda mama yule. Sioni haja ya kulizungushia maneno. Nilimpenda zaidi ya nilivyowahi kumpenda mtu mwingine ambaye si wa damu yangu, na ndiyo maana hadithi hii bado inanikaba.

Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya majina. Watu ambao hawajakaa Dubai hudhani kule ni jua tu mwaka mzima, lakini kati ya Desemba na Machi huwa inakuja mvua ya radi na upepo, na mji haujui la kufanya nayo. Barabara zinajaa, magari yanazimika, malori ya matangi yanapita kunyonya maji. Zamani kabla yangu, aliondoka mwenzao mmoja wa Tabora aliyekuwa anaitwa Mariamu. Alifutiwa viza akarudi nyumbani moja kwa moja, na hawakupata hata nafasi ya kumuaga. Baada ya siku chache ikapiga dhoruba, dirisha likafunguka lenyewe kwa kishindo, na Bi Zuwena akasema, "Huyo Mariamu, kaja kufuata sufuria yake." Wakacheka mpaka wakalia. Kuanzia hapo kila dhoruba ikapewa jina la mtu aliyekwisha toka chumbani kwetu na hatarudi tena.

Kulikuwa na taratibu zake, na Bi Zuwena alizisimamia kwa ukali kuliko alivyosimamia mashuka. Upepo wa vumbi haukuhesabika. Manyunyu hayakuhesabika. Ilitakiwa radi, na maji yapande ngazi ya kwanza ya jengo letu hadi tumsikie Haji anawapigia kelele vijana wake wainue mablanketi. Hapo tunakaa kwenye kapeti, Bi Zuwena anachemsha kahawa yenye tangawizi, analitamka jina, na kila mmoja anasema jambo moja juu ya yule aliyeondoka. Moja tu, na lazima liwe la kweli. Ukishasemwa, yote uliyowahi kutukosea chumbani yamefutwa, hakuna wa kuyarudia. Na jambo kubwa kuliko yote: halitajwi kamwe jina la mtu aliye bado ndani. Wangeci aliwahi kutania, mwaka wangu wa kwanza, akiwa amekasirika kwamba Saumu ametumia sabuni yake, akasema dhoruba ijayo ni ya Saumu. Bi Zuwena aliweka kikombe chini. "Weye unamzika mwenzio anakutazama?" Wangeci akaomba radhi kama mtoto. Saumu, msichana mpole wa Tanga, hakulala vizuri siku ile.

Dhoruba ya kwanza ya msimu ule ilikuja Desemba na ikaitwa Achieng. Achieng, wa tano wetu aliyekuwa analala kwenye kapeti, alikuwa ametoka kwetu kabla ya Ramadhani kwenda kuolewa Kisumu. Bado naona tulivyokaa, blanketi zito la picha ya chui juu ya magoti yetu wote wanne, kahawa inafuka, na Haji chini anawahimiza vijana wake, "Yalla! Yalla!" Wangeci akasema, "Achieng alikuwa anaimba bafuni mpaka maji moto yanaisha, na hiyo sauti, aki, afadhali angelia." Saumu akasema Achieng ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza ya kuvuka barabara ya Naif. Mimi nikasema alikuwa anasali kwa sauti ili Mungu amsikie na sisi tumsikie pia. Bi Zuwena alicheka akapaliwa. Akasema, "Achieng alikuwa na moyo safi na miguu michafu," na kwa maneno hayo ugomvi wao wote wa kuchafua kapeti ya kuswalia ukaisha. Nilifikiri usiku ule kwamba siku nikiondoka nami nitapewa dhoruba, na nikaomba iwe kubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mtu wa umri huo anaweza kuomba jambo la namna hiyo.

Lakini sikuwa na mpango wa kuondoka. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Machi na nilitaka kuongezewa kuliko kitu chochote. Kule Al Quoz, nyuma ya mashine za kukaushia, kulikuwa na chumba cha kushonea mashuka yaliyochanika na kudarizi majina ya mahoteli kwenye taulo. Fundi wake alikuwa mzee wa Kihindi, sisi wote tukimwita Master kama mafundi cherehani wanavyoitwa kule, na alikuwa amechoka, macho yanakwenda. Sir alikuwa amesema mbele za watu kwamba akipata mtu wa kujifunza, mkataba mpya utaandikwa wa ufundi, si wa pasi. Mwaka mzima nilikula chakula cha mchana kwa haraka nikaenda kukaa pembeni ya Master. Alinifundisha kubana kitambaa kwenye duara la mbao kisikunjamane, kubadilisha uzi mwisho wake usionekane, kusikiliza sindano. "No eyes, madam. Ear," alikuwa akisema, na kunigonga kidogo kichwani kwa penseli. Niliona kabisa maisha yangu yatakavyokuwa: nitarudi nyumbani na mikono ya fundi, si na mgongo wa kupiga pasi tu. Nilimweleza Bi Zuwena. Nilimweleza Wangeci kila jioni mpaka akaniambia nimwachie apumzike, akili yake imejaa uzi.

Mwishoni mwa Januari wakaleta mashine mpya iliyonyoosha na kukunja mashuka yenyewe. Tulisimama tukaitazama inavyomeza shuka huku na kulitema kule limekunjwa, na Saumu akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa sisi?" Siku chache baadaye nilikuwa kitandani juu, nimejifunika kwa homa ya mafua, pazia limevutwa, na Bi Zuwena na Wangeci wakaingia wakidhani chumba hakina mtu. Nilimsikia Wangeci akisema, "Sasa nani atamwambia?" Bi Zuwena akajibu, "Si sisi. Sir mwenyewe atamwita, amesema Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Weye funga mdomo wako, usimwambie Eliwaza lolote." Kisha wakatoka kwenda kuanua nguo. Nililala pale moyo unanipiga kwa furaha. Nilijua ni nini. Sir amekubali, ninapelekwa kwa Master, na hawa wapenzi wangu wamekubaliana wasiniharibie habari njema. Niliuma blanketi nisicheke.

Siku zilizofuata zilinithibitishia. Bi Zuwena alianza kunipa kichwa cha nguru, kipande alichokuwa akijiwekea mwenyewe. Saumu alikuwa ananiachia bafu niingie wa kwanza. Wangeci, ambaye hakuwahi kumkopesha mtu sweta lake la kijivu, alilitupia kitandani kwangu akasema nikae nalo, yeye hasikii baridi. Jioni moja Bi Zuwena alinisuka nywele, akachukua muda mrefu kuliko kawaida, na alipomaliza akaniwekea kiganja utosini akasema, "Mwanangu una subira weye. Mungu kakupa subira." Nikamjibu, "Ahsante, mama." Leo nikikumbuka ile "ahsante mama" natamani kuinuka niondoke popote nilipo. Walikuwa wananilisha kama anavyolishwa kuku wa sikukuu, nami nilikuwa nawashukuru.

Alhamisi ile ilianza na mbingu nyeusi. Bi Zuwena hakuja kazini, goti lake lilikuwa limevimba kwa baridi. Wangeci na Saumu walikuwa wamepangwa siku hiyo upande wa kupokea nguo chafu, wenye basi lao tofauti. Mimi nilivaa blauzi yangu nzuri chini ya sare kwa ajili ya kuitwa na Sir. Kabla ya saa sita mvua ikapiga ambayo sijaona kabla wala baada, na Al Quoz haina mitaro. Maji yaliingia kwenye kiwanda kupitia mlango wa malori, yakiwa yamebeba majani ya chai na vibanzi vya mbao kutoka ghala na karakana za jirani. Wakazima umeme. Mimi nilikimbilia kwa Master. Nilimkuta maji yamefika kwenye kanyagio la cherehani ya kudarizi, mimi na Wanepali wawili tukaiinua, nzito kama nini, tukaiweka juu ya meza ya kukatia. Master akaifuta kwa shati lake. Kisha tukaambiwa khalas, hakuna kazi, tupande basi. Sir hakuonekana siku nzima, gari lake lilikwama njiani. Basi letu lilitambaa kwa masaa ndani ya maji mpaka Naif. Nilifika nimelowa, sweta la Wangeci limenilemea, macho mekundu kwa klorini, na nimenuna, maana siku yangu ilikuwa imeharibika. Nilipanda ngazi nikimsikia Haji akiwafokea vijana. Maji yalikuwa yamepita ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Nilipofungua mlango walikuwa wameshakaa kwenye kapeti wote watatu. Kahawa ilikuwa imechemka, kulikuwa na kaimati kwenye sahani, na nafasi yangu imeachwa. Bi Zuwena aliniangalia macho, akaangalia nguo, akanyoosha mikono yote miwili. "Njoo, mwanangu. Njoo ukae. Pole. Pole sana." Nikasema, "Ahsante," nikidhani ni pole ya mvua. Akanifunga taulo kichwani. Akanipa kikombe mkononi. Halafu akajiweka sawa kama anavyofanya, akasema kwa ile sauti yake ya siku za dhoruba, "Hii ya leo haijapata kutokea tangu mie nifike nchi hii. Tena Mungu kaileta leo. Hii inaitwa Eliwaza."

Nilicheka. Nilidhani wameamua kuvunja taratibu kwa ajili ya furaha yangu, kwamba ninaondoka kwenye pasi kwenda kwa Master na wao wanalitangaza hivyo. Nikasema, "Jamani, mimi bado nipo." Hakuna aliyecheka. Saumu alikuwa ameshaanza, macho chini, anafuata zamu kama tulivyozoea: "Dada Eli alikuwa hasahau kufunika chungu. Hata akiwa mgonjwa alikuwa anaamka kufunika chungu." Kisha akaanza kulia. Nikiwa nimekaa mbele yake, kikombe kinaniunguza vidole, nilisikia nimesemwa kwa "alikuwa", kama Achieng, kama Mariamu wa Tabora. Nikamtazama Wangeci, na Wangeci alikuwa anakata kaimati vipande vidogo vidogo ambavyo hakuwa na nia ya kula.

"Bi Zuwena," nikasema, "mimi nimeondoka lini?"

Nikaona uso wake unabadilika. "Kwani Sir hajakuita?"

"Sir hajaja. Maji yamejaa. Aniitie nini?"

"Ya Rabi," akasema, akafunika mdomo. "N'lidhani umeshaambiwa. N'livyokuona na macho hayo n'lidhani ushaambiwa."

Basi ikabidi aniambie mwenyewe, pale pale kwenye kapeti, na dhoruba yangu inapiga dirisha. Ile mashine mpya imechukua nafasi ya mtu mmoja wa chumba chetu. Mkataba wangu hauongezwi. Viza itafutwa Machi. Nikauliza kuhusu kwa Master. Akasema nafasi ya kwa Master ipo, lakini wa kwenda kule lazima awe na mkataba unaoendelea, na Sir amekwisha kuamua ni Wangeci. Nikauliza ni nani aliyesema niondoke mimi. Nilidhani atasema Sir, au arbab mwenye kiwanda, au Mungu. Bi Zuwena hakuwa mtu wa uongo, namsifu kwa hilo hata leo. Akasema, "Mie. Sir kaniuliza, nami nikamtaja weye."

"Kwa nini mimi?"

"Saumu angalivunjika. Huyu Wangeci angalipiga kelele mpaka ubalozini, tukafukuzwa sote. Weye, mwanangu, n'likutaja weye kwa sababu najua hutolia. Una subira. Utakwenda kwenu uanze upya na hutomchukia mtu."

Hicho ndicho nilichochaguliwa kwacho. Sikuchaguliwa kwa uvivu, wala kwa kuunguza mashuka, wala kwa kuwa mgeni. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mtoto mzuri, na yeye ndiye aliyenifundisha kuwa hivyo. Nikamgeukia Wangeci. "Na wewe ulijua."

"Eli, aki, ningekuambia aje? Ningesema nini? Nimwambie Sir nitoke mimi?"

"Ungeniambia tu. Usiku mmoja, ukiwa chini pale, ungesema, 'Eli, kuna neno.' Mimi nilikuwa nakuambia habari za uzi na wewe unajua."

"Sikuomba hiyo nafasi, walinipea tu. Na nilikuwa naogopa, sawa? Nilikuwa naogopa nikiongea wataniweka mimi."

Saumu aliendelea kulia kwa niaba yetu wote. Mimi sikulia. Na hilo lilinikera kuliko yote, kwamba hata katika hilo Bi Zuwena alikuwa amepatia. Niliweka kikombe chini, nikavua sweta la kijivu, nikalikunja vizuri kwa mikunjo ya kiwandani, nikaliweka kwenye mapaja ya Wangeci, nikapanda kitandani kwangu. Nilibaki chumbani mle wiki zilizobaki bila kula sinia moja nao tena. Nilikula mkate wa khubus na maharage ya kopo nikiwa nimekaa juu, miguu inaning'inia. Kila Ijumaa Bi Zuwena aliniwekea kichwa cha nguru kwenye sahani yenye kifuniko, na kila Jumamosi asubuhi kilikuwa pale pale. Siku ya kuondoka aliniletea kanga mpya. Niliiacha juu ya godoro. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, kikombe cha kahawa mkono wa pili, akasema, "Nisamehe, Eliwaza," nami nikampita kwa ubavu kama mtu anavyopita nguzo. Master pekee ndiye aliyenipa kitu nikakipokea: lile duara la mbao. Lipo mpaka leo, nyumbani kwangu, juu ya kabati. Sijawahi kulitumia.

Sasa Wangeci ana karakana Nairobi, anadarizi nembo za shule na makanisa, ana vijana wanne. Mimi nina dobi nyuma ya soko, napiga pasi na kupigisha pasi. Siku ile ya kuja kwake alifungua mkoba akatoa kitambaa cha meza, cheupe, pembeni kimedariziwa jina langu kwa uzi wa bluu. Nikakigeuza upande wa nyuma nione. Mwisho wa uzi hauonekani. Ni kazi ya Master kabisa. Akaniambia, kama mtu anayetoa zawadi nyingine, kwamba jina langu lilibaki Naif miaka mingi baada yangu, kwamba hata Haji kila mvua ikinyesha alikuwa anapima maji kwenye ngazi na kusema bado, hii haijafika Eliwaza. Alidhani nitafurahi. Mimi niliona jinsi jina langu lilivyopata kukaa pale na mimi sikupata.

Jioni ikaanguka mvua, ile ya Machi ya kwetu inayoshuka kutoka mlimani na radi. Mifereji ya barabarani ikafurika, jirani akatoka anahamisha magunia yake ya mkaa. Wangeci aliinuka bila kuomba ruhusa, akachemsha kahawa, akaiwekea tangawizi, akatandika mkeka sakafuni mwa sebule yangu akakaa. Akaniita. "Eli, njoo. Ndiyo maana nimekuja. Mimi na wewe tu ndio tumebaki, Saumu simpati kwa simu. Tuipe hii jina lake." Nikakaa. Sisi si vijana tena, magoti yake yalilia na yangu yakalia. Akasema, "Hii inaitwa Zuwena." Kisha akasema jambo lake: kwamba Bi Zuwena, katika kila Ramadhani, alikuwa anaamka kumpikia yeye Mkristo chai ya asubuhi kabla ya kula daku yake mwenyewe. Ni kweli. Alinipikia na mimi pia. Akanisubiri. Ilikuwa zamu yangu, na nilijua taratibu: nikisema tu jambo moja, la kweli, yote yamefutwa.

Nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa na mkono wake kwenye nywele zangu, na nguru, na "kula mbele yako, mwanangu". Nilifungua mdomo. Kisha nikaliona tena lile sweta la kijivu, na Saumu analia, na mimi nacheka peke yangu kwenye kapeti nikidhani nimependwa.

"Hapana," nikasema. "Usiipe jina hilo."

"Eli. Amezikwa."

"Amezikwa Unguja. Kwangu bado amesimama mlangoni na kikombe. Jina la mtu aliye bado ndani halitajwi, unajua hivyo."

Wangeci alikunywa kahawa yake, na mvua ikapiga mabati mpaka ikachoka, ikapita bila jina. Jikoni nilikuwa nimeacha ndizi zilizobaki wazi. Nikainuka kwenda kufunika chungu, kama ninavyofanya siku zote, na nyuma yangu nikamsikia Wangeci anasema polepole, anajisemea mwenyewe, "Alikuwa hasahau kufunika chungu."

Nikageuka na kifuniko mkononi. "Nyamaza, Wangeci," nikamwambia, na sasa machozi yalikuwa yananitoka, yale ambayo Bi Zuwena aliahidi kwa niaba yangu kwamba hayatatoka. "Mimi bado nipo."